Siku Mbili za Atupele Dar es Salaam

Kila asubuhi, kabla jua halijachungulia juu ya milima ya Ileje, Atupele alikuwa ameshachota maji, ameshafagia uwanja na ameshawapa nguruwe pumba zao. Kisha alivaa sare na kuteremka mbio hadi bondeni, kwenye gogo ambalo wanafunzi wa ng'ambo ya mto walilitumia kuvuka kwenda shuleni. Mvua kubwa ziliponyesha, mto ulilifunika gogo hilo, na nusu ya darasa la sita haikuonekana shuleni. Kwa hiyo Mwalimu Clement alipowaambia wanafunzi watengeneze vitu vya kupeleka kwenye maonyesho ya sayansi ya wilaya pale Itumba, Atupele hakusita. Alisema atatengeneza daraja.

Alilitengeneza kwa mianzi na kamba za katani, akifuata picha ndogo ya daraja la Kigamboni iliyokuwa kitabuni. Lilipendeza kwelikweli, ila halikuwa na nguvu. Kila tofali lilipowekwa juu yake, nguzo zake mbili ziliinamiana kama vikongwe wanaonong'onezana, kisha daraja zima likaanguka.

"Hilo ni daraja la sisimizi," alimtania Lucky, aliyeketi naye dawati moja. "Tena wavuke mmoja mmoja!"

Darasa zima lilicheka. Atupele naye alicheka, lakini moyoni aliumia. Picha ile ilikuwa imepigwa kwa mbali, wala haikuonyesha vizuri kamba zilifungwa wapi. Bila kujua jambo hilo, angekwenda Itumba kuaibika.

Basi likizo ikafika, na baba yake, mzee Jonasi, akasema anakwenda Dar es Salaam kutafuta kipuri cha mashine yake ya kusaga. Angefuatana na Atupele kwa sababu binti huyo alikuwa amefanya vizuri kwenye mtihani. Wangekaa siku mbili tu, Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili alfajiri wangepanda basi la kurudi. Atupele alifurahi mpaka akasahau kula. Angeliona daraja! Lakini jambo hilo hakumwambia baba. Alidhani mtu akishafika Dar es Salaam daraja analiona tu, kama vile mtu akishafika Tunduma anavyoyaona malori.

Alichosahau ni mafurushi. Mama yake alifunga mafurushi sita ya maharage, kahawa na ndizi, moja kwa kila ndugu anayeishi Dar es Salaam. Katika ukoo wao, furushi halipelekwi na mtu baki. Unalipeleka mwenyewe, unaingia ndani, unaketi, unaulizwa habari za mashamba, za wagonjwa na za waliofariki, halafu unakula. Ukiondoka bila kula umemtukana mwenye nyumba, na habari zako zitafika Ileje kabla yako.

Walifikia Tabata kwa baba mdogo Aliko. Ijumaa asubuhi walikwenda Kariakoo, na kwa bahati njema kipuri kilipatikana mapema. "Sasa twende kwa ndugu zetu," alisema mzee Jonasi, mabega yakiwa yamejaa mafurushi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Gongo la Mboto, kwa binamu yake baba. Walikula ugali kwa samaki, wakaulizwa habari za kila kaburi na kila ng'ombe. Jua lilikuwa utosini walipotoka. Nyumba ya pili ilikuwa Ukonga kwa shangazi Roda, naye alikuwa amewapikia ugali mwingine, kwa kuku. Atupele alipoliona sinia lile alikata tamaa. Tumbo halikuwa na nafasi, wala siku haikuwa na nafasi. Akajishika tumbo na kujikunja.

"Baba, tumbo linaniuma sana. Tuondoke."

Alikuwa amepanga kupona wakishafika njiani, ndipo aombe wapitie darajani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Atupele haikufika hata mlangoni.

"Tumbo?" shangazi Roda aliruka. "Mtoto wa kaka yangu akaugulie njiani na mimi nipo hai? Hatoki mtu humu!"

Atupele alilazwa kitandani kwa nguvu. Shangazi alichemsha majani ya mwarobaini, akajaza kikombe, akasimama pale pale mpaka tone la mwisho likanywewa. Halafu wote wakakaa kusubiri dawa ifanye kazi. Jua lilikuwa linazama walipopewa ruhusa ya kuondoka, na uchungu wa mwarobaini ulikuwa bado kooni walipofika Tabata.

"Kesho tuna nyumba tatu," mzee Jonasi alimwambia mdogo wake baada ya kupumzika kidogo. "Tukiwahi, tutazimaliza kabla ya magharibi."

Hapo Atupele akashindwa kujizuia. Machozi yalimtoka. "Baba, sikuwa naumwa," alisema. "Nilidanganya. Nilitaka tupate muda wa kwenda kuliona daraja la Kigamboni. Langu linaanguka kila siku, na sijui kosa liko wapi."

Mzee Jonasi alitoa simu mfukoni. "Kwa hiyo dada yangu nimemwacha na hofu bure?" Alimpigia shangazi Roda, akampa Atupele simu.

"Shangazi, naomba unisamehe. Tumbo halikuwa linauma."

Upande wa pili kicheko kikapasuka hata baba mdogo Aliko akakisikia kutoka alipoketi. "Na mwarobaini ukaumaliza wote! Nimekusamehe, mwanangu. Kikombe kile ni adhabu tosha."

"Daraja!" alisema mzee Jonasi simu ilipokatika. "Kwa nini hukuniambia tangu nyumbani?"

"Niliogopa utasema ni mambo ya kitoto."

"Ungesema, tungepanga. Sasa nyumba tatu ni tatu, mwanangu. Siwezi kuupita mlango wa ndugu."

Atupele alifuta machozi, akafikiri. "Baba, kati ya ndugu wote wa huku, mkubwa ni nani?"

"Bibi Gwalugano wa Temeke, dada wa marehemu babu yako."

"Yeye akiwaita wengine waje kwake, kuna atakayesema ametukanwa?"

Ndugu wawili wakatazamana. Baba mdogo Aliko akapiga goti lake kwa furaha. "Kaka, mtoto ametushinda! Bibi akiita, hata mwenye homa anakwenda."

"Basi ombi ni lako," mzee Jonasi alimwambia binti yake. "Mwombe mwenyewe. Na safari hii, ukweli mtupu."

Atupele alimpigia bibi. Baada ya shikamoo, alieleza yote, hata habari ya mwarobaini.

"Kumbe!" sauti ya Bibi Gwalugano ilikuwa nzito. "Unataka nikukusanyie ukoo mzima ili upate nafasi ya kwenda kutazama daraja?"

"Ndiyo, bibi. Lakini na nyinyi nataka kuwaona, tena niketi nanyi bila kutazama saa."

"Tangu tumzike mume wangu hatujakaa pamoja," bibi alisema. "Tunaishi mji mmoja, kila mtu anasingizia foleni. Nitawaita wote mchana. Wewe nenda darajani asubuhi, uje na njaa."

Jumamosi, jua likiwa bado changa, Atupele na baba yake walikuwa wanatembea juu ya daraja. Upepo ulipeperusha kofia ya mzee Jonasi akaidaka. Atupele hakuona hilo. Alikuwa ameinua uso, akifuata kila kebo kwa kidole kutoka juu ya mnara hadi chini.

"Baba, tazama! Zinashuka pande zote mbili! Mimi nilizifunga upande mmoja tu!"

"Kwani kuna tofauti gani?"

"Simama uwe nguzo." Akauvuta mkono wake wa kulia, na mzee Jonasi akayumba nusura aanguke. "Sasa shika ukingo kwa mkono wa kushoto." Akavuta tena kwa nguvu zake zote, na baba hakutikisika. Wapita njia walicheka, lakini Atupele alikuwa anarukaruka. Alikuwa ameliona kosa lake, na alijua jinsi ya kulirekebisha.

Mchana nyumba ya Bibi Gwalugano ilijaa hadi uani. Mafurushi yaligawiwa, habari za nyumbani zilisimuliwa mara moja na kila mmoja akazisikia. Bibi aliwatazama wote wakila sinia moja, akalia kwa furaha bila kuficha. Kabla hawajaagana, ndugu walipatana kukutana pale kila mwaka.

Shule zilipofunguliwa, daraja jipya la Atupele lilipelekwa Itumba. Jaji aliweka tofali moja, halafu la pili. Akaongeza la tatu, na nguzo zikasimama wima. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele, na Lucky ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Atupele alipewa nafasi ya kwanza, akachaguliwa kuiwakilisha wilaya kwenye maonyesho ya mkoa huko Vwawa.

"Mzee Jonasi," alisema Mwalimu Clement, akimgeukia baba yake Atupele aliyekuja naye ukumbini, "hebu waambie watoto. Mlikaa Dar es Salaam siku mbili tu. Mliwezaje kuwaona ndugu wote na daraja pia?"

Mzee Jonasi alisimama, akakohoa kidogo. "Siku ya kwanza tuliipoteza kwa sababu mtoto alificha alichokitaka, akadanganya ili akipate. Siku ya pili alisema kweli na akawajali wenzake, ndipo wenzake wakampa nafasi. Wanangu, muda ukiwa mfupi, uongo ndio wa kwanza kuumaliza. Semeni ukweli mapema, na siku moja itawatosha."

Kisha akamshika binti yake mkono, akauinua juu mbele ya watu wote.