Kichujio cha Duka la Magauni

Walikutana ndani ya lifti iliyojaa, asubuhi watu wakisukumana kuwahi kazini. Yeye mshonaji wa magauni ya harusi, gauni la njano limemkaa, pini zimepangwa kwenye kola. Yule fundi wa kompyuta, mikono ya shati imekunjwa, nyaya shingoni.

"Dada, pini zako zinanichoma!"

"Pole kaka. Nawe toa nyaya zako usoni kwangu."

Wakacheka, na mapenzi yakaanzia hapo.

Fundi ndiye aliyetunza seva ya barua pepe ya jengo zima, kliniki ya meno chini, duka la mshonaji juu, kila ofisi na mahitaji yake. Kliniki ilisumbuliwa na matapeli wanaoanza barua na "mpenzi", kwa hiyo aliiwekea kichujio kinachotupa kwenye taka kila barua yenye neno hilo. Duka halikuhitaji kitu hicho. Ila siku moja, akirekebisha seva, aliona muuza vitambaa kamwandikia mshonaji: "Mpenzi, mzigo wako umefika."

Roho ikamuuma. Mpenzi wa nani? Palepale, bila kuuliza, akaliwekea duka kichujio kilekile, kwa barua zinazoingia na zinazotoka. Wivu huo, jamani!

Wiki nzima akamwandikia mshonaji, kimya. Akanuna weee, mwisho akapiga simu.

"Muuza vitambaa kakuteka, siyo?"

"Yupi? Yule bibi mwenye wajukuu? Wateja wote anatuita wapenzi! Wewe ndiye uliyenyamaza, nikajua umeniacha. Na hariri niliyoagiza haijulikani ilipo, bibi harusi analia hapa. Njoo uangalie hizi barua!"

Alipanda ngazi mbiombio, akafungua taka. Zilikuwemo barua za bibi wa watu, na zake mwenyewe, kila moja "Mpenzi wangu". Ya mwisho iliuliza: "Mpenzi, utakubali nikuoe?"

Mshonaji alizisoma zote, na fundi akakiri kuhusu kichujio alichokiweka.

"Kumbe ni wewe! Nimelia wiki nzima kwa wivu wako!"

"Nisamehe, roho yangu. Nimekosa. Sigusi tena barua zako bila kukuuliza."

 Mshonaji akairudia barua ile ya mwisho, akajifuta macho kwa kipande cha shela.

"Cha kliniki kiache. Changu kiondoe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nataka kukujibu, na jibu langu lina neno hilohilo."