Mama Pacha Apimwa Afya ya Kazi

Mama Pacha alikuwa mkandaji wa unga katika kiwanda cha mikate. Miaka tisa alisimamia mashine ile ile, pipa kubwa la chuma lenye mkono unaozunguka. Kisukari alikuwa nacho mwaka wa pili sasa, na kazini hakumwambia mtu. Nani anataka kufukuzwa?

Basi siku moja tangazo likabandikwa mlangoni: kuanzia kesho wafanyakazi wote watapimwa na daktari, kwa zamu. Jioni wifi yake akaja, yule mjuaji wa kila kitu.

"Wifi, kesho usile kitu," akasema. "Halafu meza vidonge viwili badala ya kimoja. Sukari itashuka, watakuona mzima."

"Wewe udaktari umesomea wapi?" akauliza mume wa Mama Pacha, huku akishona.

"Shona suruali yako, kaka."

Mama Pacha alijua kwamba ni makosa. Lakini hofu ya kukosa kazi ilimzidi nguvu, akafanya vile vile.

Foleni ilikuwa ndefu. Kabla ya saa nne mikono ikaanza kumtetemeka, jasho likamtoka chapachapa, akaona kizunguzungu. Muuguzi alimwona, akamtoboa kidole haraka.

"Sukari imeshuka mno. Kunywa maji haya ya sukari. Umekula nini leo?"

"Sijala."

"Na dawa?"

Mama Pacha akatazama sakafu. "Viwili. Nilitaka nionekane mzima."

Muuguzi hakumgombeza. Alimpa mkate, akampima tena baada ya robo saa. Akamweka pale hadi alasiri, kwa sababu dawa ile hushusha sukari kwa saa nyingi. Alipotulia ndipo akampeleka kwa daktari. Maskini, machozi yalimtoka hata hajaketi.

"Ndiyo nimeshafukuzwa, daktari?"

"Keti kwanza, mama. Mimi sifukuzi watu. Hebu niambie, kazini unafanya nini hasa?"

Swali hilo hakulitarajia. Akaeleza yote: kusimama kutwa, kubeba unga, kukwangua pipa. Daktari aliandika. Akauliza kama amewahi kuzimia. Akampima macho, akamvua viatu akakagua nyayo, akasoma kadi yake ya kliniki.

"Wagonjwa wengi wanafanya kazi vizuri tu," daktari akasema. "Ninachotazama ni kama unaweza kazi hii bila kujiumiza wala kuumiza wenzako. Ukifuata dawa na chakula, unaweza. Lakini hii ya leo ingekukuta kwenye mashine, mkono ungekatika."

Mama Pacha akautazama mkono wake. "Na bosi atajua ninaumwa nini?"

"Ugonjwa ni siri yako. Barua itasema unafaa kazi, kwa masharti. Ule kwa wakati. Usiachwe peke yako na mashine. Ukitetemeka, izime, unywe kitu cha sukari, ukae. Miezi mitatu ikipita urudi. Ila ningependa mwenzako mmoja ajue, akusaidie ukizidiwa. Utamchagua mwenyewe."

Mama Pacha alishusha pumzi. Tangu jana hakuwa amepumua hivyo. Nyumbani mumewe alisoma barua mara mbili, akacheka kwa furaha hadi sindano ikamdondoka.

Kesho yake msimamizi wa kiwanda aliisoma barua akiwa amesimama. "Saa nne unakwenda kula, na mtu anakaa karibu nawe. Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Haya, kazi."

Saa nne ilipofika, Mama Pacha alizima mashine, akaketi kula. Mchoma mikate, mtu mzima asiyependa maneno, akaja kukaa kando yake. Mama Pacha akaona huyu ndiye. Akamweleza kila kitu, hata vile vidonge viwili.

Mchoma mikate akaweka chakula chake chini.

"Mimi nina presha," akasema polepole. "Zamu yangu ya kupimwa ni kesho. Nilipanga kumeza vitatu."

Mama Pacha akamshika mkono. "Meza ulichoandikiwa, kaka. Halafu nenda ukaseme ukweli."