Sikio la Sungura

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona nguo za maharusi, sare za shule, na suruali za wanaume wanaonenepa huku wakidai kitambaa ndicho kimepungua. Shule niliishia darasa la saba, lakini mshono ukienda upande nauona toka ng'ambo ya barabara.

Wiki ya kufunga shule kwa sikukuu, mjukuu wangu wa darasa la tatu alikuja na habari. Mwalimu amesema kila mtoto atengeneze zawadi kwa mikono yake, kwa vitu vilivyopo nyumbani, ampe mwenzake wa dawati. Mwenzake ni msichana wanayemwita Kifutio, maana haipiti siku hajaazima kifutio.

Mjukuu wangu aliomba vipande vya kitambaa. Akakaa mlangoni siku tatu akishona sungura. Akijichoma sindano, ananyonya kidole na kuendelea. Sungura alipokamilika, sikio moja lilisimama na la pili lililala.

Mtoto alipokwenda kuoga, mikono ikaniwasha. Nilimfumua yule sungura mzima, nikamshona upya kwa cherehani. Masikio yakasimama wima kama askari wa gwaride. Mtoto aliporudi alimtazama, akanyamaza. Nikadhani furaha imemfunga mdomo.

Siku ya sherehe wazazi tulialikwa darasani. Watoto walipeana zawadi na kueleza walivyozitengeneza. Kulikuwa na gari la visoda vya chupa, na kadi zenye gundi nyingi kuliko maneno. Sungura wetu alipotolewa, akina mama walinong'onezana. Nikanyoosha shingo.

Kifutio alimgeuza-geuza. Akasema ni mzuri, kwa sauti ya mtu aliyepewa dawa chungu.

Mwalimu akamwuliza mjukuu wangu amemtengenezaje. Mtoto akatazama sakafu.

"Huyu si wangu, mwalimu. Wangu alikuwa na sikio limelala, kama la yule sungura Kifutio aliyemfuga akafa. Bibi amelinyoosha."

Uso ulinichoma. Nilitamani kuingia chini ya dawati, lakini kwa mwili huu lingeinuka pamoja nami. Kumbe lile sikio ndilo lilikuwa zawadi yenyewe.

Mwalimu alikuja akakaa karibu yangu, akaongea kwa sauti ya chini.

"Bibi, kazi hii haikuwa ya kushona tu. Alikuwa anajifunza kumfikiria mwenzake. Akikwama msaidie, lakini kwanza mwulize anataka nini. Na sindano ibaki mkononi mwake."

Nikasimama. Mbele ya watu wote nilimwambia mjukuu wangu kwamba nimemkosea, kwa kuwa sikumwuliza. Nikaomba nilifumue lile sikio.

"Nitafumua mwenyewe, bibi," akasema.

Mwalimu akampa mkasi, uzi na sindano. Mtoto akafumua, akapunguza pamba, akashona tena. Mishono iliyumba kama mlevi anayetafuta kwao. Mimi nilitazama ukuta. Sikio likalala.

Kifutio akampokea sungura. Akalishika lile sikio, akaliinua kwa kidole, likalala tena. Akamlaza sungura shingoni mwake.

"Ndiye," akasema.

Mjukuu wangu alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile alipotoka kuoga. Mimi nilirudi kitini. Nikaikalia mikono yangu yote miwili, isije ikatengeneza kitu kingine.