Begi la Mazoezi Ambalo Sikulifungua

Mtu niliyemwamini aliniuza kwa wanajeshi Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya majaribio yangu ya kurudi jeshini.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye njia ya panya, katikati ya mihogo, mikono kichwani, bunduki tatu zikinitazama.

Begi lilikuwa bado mgongoni.

"Mzee wa mbio!" aliita Koplo Ochen, yule mwanajeshi wa Uganda niliyekuwa nampita kila asubuhi nikimsalimu. "Leo begi nafunguliwa."

"Afande, ni mchanga tu."

"Mchanga?" Alicheka na meno, macho hayakucheka. "Sisi tumepigiwa simu. Mtu anasema wewe nabeba zebaki."

Zebaki!

Jamani, niliposikia neno hilo sikuwaza jela kwanza. Niliwaza pete ya mke wangu...

Ngoja niwarudishe nyuma ndiyo mtanielewa.

Naitwa Bwire. Shule niliacha darasa la sita, jeshi la Uganda likanichukua na kunifundisha kusimama wima. Nilipotoka jeshini nilihamia Busia upande wa Kenya, nikawa napakia marobota ya mitumba kwenye baiskeli na kuyavusha. Mke wangu Nereah ana cherehani sokoni. Binti yetu Resty yuko shule ya bweni.

Maisha yalikuwa yanasukumika. Tumbo nalo likawa linatangulia mbele yangu kama mgeni rasmi.

Halafu redio ikatangaza. Askari wa zamani wanahitajika kurudi kwa mkataba. Majaribio Tororo, uwanja ulio chini ya ule mlima wa jiwe, Mwamba. Mbio, pushapu, halafu daktari. Umri usipite miaka arobaini na tano.

Mimi arobaini na tano nilikuwa naimaliza Krismasi. Hii ilikuwa nafasi ya mwisho. Nikiikosa, nazeeka na marobota ya watu mgongoni.

Siku ile ile nikalala chini chumbani nijaribu pushapu.

Moja. Mbili. Tatu. Nne...

Ya tano nikabaki pale pale, kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope.

"Baba Resty, unatafuta nini huko chini?" Nereah akauliza.

"Nafanya mazoezi."

"Basi kwa vile uko huko, niangalizie sindano yangu. Ilianguka juzi."

Nikaona hapa nahitaji mtu wa kunisimamia. Nikaenda kwa Afande Etyang.

Etyang ndiye alikuwa mkufunzi wangu kambini nikiwa kijana. Wakati huo alikuwa anauza spea za baiskeli, upande wetu wa Kenya. Mtu mrefu, mkavu, filimbi bado inaning'inia shingoni kana kwamba kambi haijavunjwa.

Alinizunguka mara mbili akiniangalia kama anayenunua ng'ombe.

"Bwire, umeoza."

"Ndiyo, afande."

"Lakini mfupa bado uko. Mimi nitakurudisha."

Nilitokwa na machozi, sitawaficha.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo lililonimaliza. Kambini tulikuwa tunakimbia na mizigo ya mchanga. Vijana wajanja walikuwa wanafungua mzigo njiani, wanamwaga nusu, wanafika wepesi. Kwa hiyo mkufunzi alikuwa anafunga mwenyewe, fundo lake mwenyewe, na sheria ilikuwa moja tu: askari hafungui mzigo wake. Ukifungua, umejivua uanaume mbele ya wenzako.

Katika kundi letu, mimi sikuwahi kufungua. Hata siku moja.

Etyang alilikumbuka hilo. Ndiyo maana alinipokea mimi.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Jioni analeta begi nyumbani, limefungwa. Linalala chumbani kwetu, miguuni pa kitanda. Alfajari nakimbia nalo, navuka kwa njia ya panya hadi uwanja wa mpira upande wa Uganda. Etyang ananisubiri pale na filimbi. Anakagua fundo, anapokea begi, ananipigisha pushapu.

"Kurudi rudi mwepesi," alikuwa ananiambia. "Mgongo upumzike."

Mimi nikaona huyu ni baba.

Wiki ya kwanza wanajeshi wa doria walinisimamisha, wakafungua begi. Mchanga.

Wiki ya pili wakafungua tena. Mchanga.

Wiki ya tatu wakachoka.

"Wacheni huyo apite!" Ochen alikuwa anawapigia kelele wenzake. "Mzee nakwenda kuoa bibi wa pili!"

"Wa kwanza bado hajanimaliza, afande!" nami najibu huku nakata mbuga.

Hapo ndipo begi likabadilika. Likawa dogo, lakini zito kuliko mwanzo.

"Afande, mbona begi limepungua halafu uzito umezidi?"

Etyang akanikazia macho.

"Askari anauliza mzigo wake una nini?"

"Hapana, afande."

"Kimbia."

Nikakimbia. Na mwili ukaitika, jamani! Tumbo likarudi ndani. Pushapu zikapita thelathini, zikafika arobaini. Nyumbani nilikuwa napiga nyingine chumbani na begi likiwa mgongoni, Nereah akihesabu kwa sauti huku anashona.

Ila kuna vitu sikuvielewa. Mdomoni nilikuwa na ladha ya sarafu. Fizi zilitoka damu. Usingizi ulikata. Na mikono... ukinipa kikombe cha chai, chai inacheza.

"Ni mwili unaamka," Etyang akasema. "Ulilala muda mrefu."

Nikaamini. Wewe ungekuwa mimi, usingeamini?

Jumatatu ya wiki ya majaribio, Nereah alikuwa anafagia chumbani. Akaona matone madogo yanang'aa sakafuni, pale nilipokuwa napiga pushapu. Akayashika, yakamkimbia. Akayakusanya na kiganja, yakaungana, yakaachana, yakaingia kwenye ufa wa sementi.

Hakuniambia. Alidhani ni kitu cha cherehani.

Jumanne akapiga kelele.

"Bwire!"

Mke wangu akiniita Baba Resty, nyumba ina amani. Akiniita Bwire, tafuta viatu.

"Pete hii ulinunua wapi?"

"Si Kampala? Si nilikuonyesha duka?"

"Angalia!"

Nikaangalia. Pete ya ndoa, dhahabu niliyoinunua na akiba yangu ya jeshi, ilikuwa imegeuka nyeupe upande mmoja. Nyeupe kama kijiko!

"Umenivisha bati!" akalia. "Mbele ya padre! Miaka yote hii nazunguka sokoni nawaringia watu na bati!"

"Nereah, naapa..."

"Usiape! Ulivyoapa kanisani ndiyo hii nimevaa!"

Usiku ule nililala nimeupa ukuta uso. Nikaamini kweli sonara alinitapeli.

Jumatano asubuhi Nereah akaivua pete, akapanda boda hadi Tiira kwa dada yake Aboth, ambaye kazi yake ni kuosha dhahabu machimboni. Alitaka Aboth amthibitishie kwamba mumewe ni mwongo.

Alirudi mchana, kimya.

Jioni Etyang akaleta begi. Kimya. Nereah akapika ugali na mrenda. Kimya. Mwanamke ambaye hata akikosa wa kuongea naye anaiongelesha cherehani!

"Kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna. Nenda kaoge."

Nikaenda kuoga. Niliporudi nikamkuta anashona, kama kawaida yake.

Alfajari nikachukua begi, nikaliangalia fundo la Etyang. Liko vile vile. Uzito ule ule. Nikatoka.

Na sasa turudi kwenye mihogo.

Ochen hakujisumbua na fundo. Alichomoa kisu, akachana begi kutoka juu hadi chini.

Nikafumba macho. Nikaona gereza la Luzira. Nikamwona Resty anaambiwa shuleni kwamba baba yake amefungwa kwa magendo. Nikaona jina langu linakatwa kwenye orodha ya Tororo...

Nikasikia mchanga unamwagika.

Halafu, puu! Kitu kizito kikaanguka.

"Hii nini sasa?" Ochen akasema.

Nikafungua jicho moja.

Lilikuwa jiwe la kusagia wimbi. Jeusi, limelika katikati, na pembe moja imevunjika.

Ndugu zangu, lile jiwe nalijua! Mama mkwe alilileta kutoka Nagongera siku tulipooana. Linakaa jikoni kwetu, chini ya meza!

Mwanajeshi mmoja akaanza kucheka. "Mzee nakimbia na jiwe la kusaga! Nataka kufungua posho mill?"

Ochen akachakura mchanga kwa mtutu wa bunduki. Hakuna kitu. Mchanga na jiwe la mama mkwe.

"Lakini simu ilipigwa," akasema.

"Afande, naomba nione hiyo namba."

Akasita. Akanionyesha.

Sikuhitaji kuisoma mara mbili. Kwenye simu yangu namba ile nimeiandika "Baba wa Pili".

Mtu aliyenitoa kwenye tope! Kwa nini sasa? Kwa nini leo?

Halafu ikanijia. Jumamosi ni majaribio. Baada ya Jumamosi mimi sikimbii tena, sina kazi kwake. Na mtu asiye na kazi anaweza kutupwa pale ambapo kila mtu atakuja kumtazama...

"Koplo," nikasema, "nyinyi wote mko hapa na mimi. Kule njia nyingine ya panya, ya chini, amebaki nani?"

Wakatazamana.

Sijawahi kuona wanajeshi wanakimbia vile! Nami, kwa vile nilikuwa na mazoezi, nikawafuata.

Walikamata pikipiki mbili zikiwa na vidumu vimefichwa ndani ya magunia ya vitunguu. Zebaki tupu, ya kwenda machimboni kunasia dhahabu. Waendeshaji wakaimba kabla hawajaguswa: mzigo ni wa Etyang.

Nilikimbia hadi uwanja wa mpira. Hakuna mtu. Hakuna filimbi. Mpaka leo namba ya Baba wa Pili haipatikani.

Ochen alichukua maelezo yangu, akaniachia. Niliporudi nyumbani, Nereah alikuwa amekaa mlangoni na cherehani yake, lakini hashoni.

Nikaliweka jiwe mbele yake.

Akaliangalia. Akaniangalia.

"Limefika salama," akasema.

"Uliligusaje begi? Fundo halikufunguliwa!"

"Wewe unaogopa mafundo. Mimi ni fundi nguo. Nilifumua kutoka chini, nikashona."

Aboth alikuwa amemwambia ukweli wote. Pete si bati. Pete ni dhahabu safi, ndiyo maana zebaki imeing'ang'ania. Kwenye machimbo kila mtoto anajua hilo. "Mumeo anashika zebaki," Aboth alisema.

Nereah akafumua begi mimi nikiwa naoga. Akakuta chupa tatu zimefungwa kwa tepu, moja inavuja. Akaziweka kwenye ndoo nyuma ya choo, akajaza mchanga, akaongeza jiwe mpaka uzito ukalingana.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ningekuambia nini? Sikujua nimeolewa na mwizi au na mjinga. Mwizi angekagua mali yake kabla ya kutoka. Wewe ulibeba jiwe la mama yangu ukatoka unaruka kama mbuzi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni mjinga. Ingia ule."

Alipogeuka nikaona mabega yake yanatetemeka. Alikuwa analia.

Jumamosi nilikuwa Tororo, chini ya Mwamba.

Niliomba nafasi ile kama mtu anayeomba maji. Mbio, nikaingia wa pili, nyuma ya kijana aliyetoka Sop Sop mwenye miguu kama korongo. Pushapu, walinisimamisha wao. "Inatosha, mzee, tumeona!" Watu wakapiga makofi. Nikasema, Etyang, umeshindwa!

Imebaki meza ya daktari.

"Nyoosha mikono mbele. Tanua vidole."

Nikanyoosha.

Akachukua karatasi, akailaza juu ya vidole vyangu.

Karatasi ikaanza kulia. Trrrrr... Nikakaza mikono. Ikazidi. Nikashika pumzi. Ikaanguka.

"Unakunywa?"

"Hapana, daktari."

"Fungua mdomo." Akaangalia fizi. "Umekaa karibu na zebaki?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia yote, mpaka begi kulala miguuni pa kitanda.

Hakunikemea. Aliweka kalamu chini.

"Mzee wangu, mvuke wake mlikuwa mnauvuta usiku kucha, wewe na mkeo. Kahameni leo. Muende hospitali wote wawili." Akaitazama tena mikono yangu. "Na mikono hii siwezi kuikabidhi bunduki."

Ndiyo hivyo. Jiwe la mama mkwe liliniokoa na jela, lakini halikuniokoa na wiki zile nilizolala na mzigo wa mtu chumbani kwangu.

Wewe unayesoma, nakuambia wazi. Mtu akikupa mzigo ubebe, ufungue mbele yake. Hata kama ni mwalimu wako. Hata kama ni baba yako. Mwenye mchanga hataona vibaya. Mimi nilidhani kutofungua ni heshima, na yule mtu aliijua heshima yangu kuliko mimi mwenyewe, akaitumia kama mpini wa kunishikia.

Mtaniuliza hasara yangu ni nini. Ni hii.

Kazi moja, na Krismasi imepita, hawatanichukua tena. Mwalimu mmoja. Chumba tulichokikimbia na godoro tuliloambiwa tuliache humo humo. Meno mawili ya chini. Mikono miwili. Chai sasa nawekewa nusu kikombe.

Nereah alipimwa naye. Kwake sumu ni kidogo, wanasema itaisha. Lakini uzi hauingii tena kwenye tundu la sindano mara ya kwanza.

Na pete. Sonara anasema akiipasha moto itarudi njano, ila moshi wake ndio sumu yenyewe. Kwa hiyo imekaa ndani ya chupa yenye kifuniko, nyeupe, na kidole cha mke wangu kiko wazi.

Sokoni wanamuuliza kama tuliachana.