Kompyuta Iliyogeuzwa Uso Ukutani

Asubuhi ile jirani yetu Mama Pacha alitoka na furaha zake kwenda kwa fundi wa kompyuta kuukuu. Kabati la nguo la marehemu mumewe alikuwa ameshalikata mwenyewe kwa msumeno, akalitoboa matundu ya vitufe na ya vishikio viwili vya kuchezea. Kilichobaki ni kompyuta ya kutia tumboni mwake, lipate kuwa kabati la gemu la kulipisha watoto. Shemeji yake alikuwa amemwambia wazi: "Chumba cha mbele kisipoleta kitu mwezi huu, naweka saruji yangu, nawe urudi kwenu." Kwao hakukuwa na mtu tena.

"Usihangaike na mpya, dada," fundi alimshauri. "Gemu za zamani hazitaki misuli. Kompyuta ya ofisi iliyostaafu inatosha, mradi memori iwe nzima."

"Na ile?"

Chini kabisa ya rafu, moja ilikuwa imegeuzwa uso ukutani.

Fundi alivua miwani, akaifuta. "Ile ni rahisi kuliko zote. Kila anayeinunua huirudisha."

"Ina kasoro gani?"

"Haina kasoro."

Mama Pacha akacheka. "Basi kasoro wanayo wao."

"Angalau nikubadilishie diski," fundi akanong'ona. "Iliyomo haifutiki."

Diski nyingine ingekula hela ya vitufe. Akakataa, akaibeba ilivyo.

Mchana, jua likiwaka, aliunganisha kishikio cha kwanza. Cha pili alikiacha kwanza, nyaya zake zikining'inia nyuma bila kugusa kitu. Akawasha. Gemu ya magari ikafunguka, kioo cha kompyuta kikaandika: Mchezaji wa kwanza, tayari.

Mchezaji wa pili, tayari.

Gari la pili likaondoka. Kishikio cha pili kikainama kushoto. Kikainama kulia. Taratibu, kama kilichoshikwa na mkono uliozoea.

Akachomoa waya wa umeme ukutani. Feni ikanyamaza. Kioo hakikuzima. Mtu alikuwa anahema. Karibu na sikio lake.

Miguu ilitaka kukimbia. Ikimbilie wapi?

Akavuta kigoda, akaketi.

"Sikiliza wewe," akanong'ona. "Wengine walikurudisha dukani. Mimi sina pa kurudi. Tucheze. Ukinishinda, chukua chumba. Nikikushinda, utakaa humo na utafanya kazi kama mimi."

Pumzi ikasita. Magari yakarudi kwenye mstari.

Alicheza mpaka vidole vikafa ganzi. Kwenye kona ya mwisho gari lake lililipita la pili, na kioo kikazima kama jicho lililofumbwa.

Jioni aliuchomeka waya tena, watoto wakajaa hadi barazani, wakicheza wawili wawili. Shemeji alikuja kupima nafasi ya saruji yake, akaishia kushika kishikio cha pili. Akakiachia upesi.

"Mbona kina baridi hivi?"

"Kuna aliyekuwa anacheza, shemeji. Panga foleni."

Habari ya saruji ikaishia hapo.

Kesho yake ndipo alipokumbuka kwamba kishikio cha pili hakuwahi kukiunganisha. Akafungua mgongo wa kabati. Kila waya ulikuwa mahali pake, umefungwa kwa unywele mmoja mrefu, mweupe.

Mkasi alikuwa nao mkononi. Akautia mfukoni.

"Kazi nzuri," akasema, akafunga kabati.

Unywele ule upo hadi leo, nimeuona. Unazidi kurefuka.