Kidani cha Bibi Somoe

“…anacheza, jamani, Bibi yangu anacheza!” Salha alimvuta Mkude, mwenzake wa zamu, mkono mpaka kahawa ikamwagika.

Kwenye kioo cha kituo cha mioyo, mjini Lindi, mapigo ya Bibi Somoe yalikuwa yanaruka kwa mdundo wa ngoma. Mwaka juzi aliwekewa vali mpya ya moyo kwa mrija uliopitishwa pajani, kifua hakikupasuliwa. Lakini vali ya namna ile inaweza kuja kubana njia za umeme wa moyo baadaye, mtu ameshasahau kama aliumwa. Ndiyo maana Salha, injinia, akabuni kidani-pima: kinakaa shingoni, kinasikiliza moyo, ukilegea kinaita kituo. Mikanda ya mpira mabibi waliikataa, basi yeye akakitia rangi ya dhahabu, king'ae, wakipende.

“Fundi,” Mkude akasema taratibu, “damu ikipita kwenye vali ile inavuma. Huyu havumi.”

Salha akasikiliza. Kicheko kikamkauka. Akapiga simu.

“Bibi, kidani kiko wapi?”

“Nimemwazima shoga yangu Kidawa. Angeendaje harusini shingo tupu, watu wamseme?” Sauti ilikuwa inavutika. “Mwenyewe sijaenda. Kizunguzungu tangu asub…”

Simu ikasikika ikidondoka; Salha akaita msaada.

Ambulensi ya angani ilitua uani kwa Bibi, kuku wakatawanyika. Moyo ulikuwa unapiga mara moja, unafikiri, ndipo unapiga tena. Hospitali wakamwingizia kidundishi, kimashine kama mbegu ya ukwaju, kupitia paja lilelile, kikaanza kuukumbusha moyo kazi yake.

Bibi alipofumbua macho, Salha alikuwa analia huku anacheka.

“Bibi we, ungeniua.”

“Kosa lako. Dhahabu mtu havai peke yake, mjukuu wangu. Kile kimeshazunguka mtaa mzima.”

“Nitakutengenezea kingine, kibaya kama gamba la kobe.”

“Sikivai.”

Salha akajifuta pua, kisha akashtuka. “Mtaa mzima? Sasa yule ambaye moyo ulikuwa unamwenda mbio kila Alhamisi jioni alikuwa nani? Mimi nilimwambia daktari akuongezee dawa!”

Bibi akatabasamu, macho yanafumba. “Dawa sikunywa. Na huyo… huyo ana mambo. Niache nilale, kesho nitakupa yote.”

Salha akavuta kiti karibu na kitanda. Kesho ipo, atangoja.