Ukigongewa Mwambani

Mwamba uligonga saa kumi na moja jioni, tulipokuwa tunateremka.

Ko-ko. Kimya. Ko.

Mwongozaji alisimama. "Asiitike mtu," alinong'ona.

Nilikuwa nimemdharau tangu asubuhi. Kabla hatujaingia katika nyika ile ya kaskazini alitupa masharti mawili: tunywe maji kabla ya kiu, na tukigongewa tusijibu. La kwanza lilikuwa na akili. La pili nililiona ni la kutishia wageni. Mimi nafundisha jiolojia chuo kikuu. Mawe ya itale hupanuka kwa joto la mchana, yakipoa husinyaa, na tabaka la juu hubanduka kama ganda la kitunguu. Likibanduka, hulia.

Nilimweleza hayo yote. Alinisikiliza kwa adabu iliyoniudhi.

"Shemeji," alisema mdogo wa marehemu mke wangu, fundi cherehani, aliyenitoa nyumbani kwa nguvu baada ya miezi mitano ya msiba, "hata jiwe unataka kulisahihishia mtihani?"

Ko-ko. Kimya... Ko.

"Mbona umebadilika rangi?" shemeji aliuliza.

"Jua," nilisema.

Watu wote niliwaambia kwamba asubuhi aliyofariki mke wangu nilikuwa usingizini. Sikuwa usingizini. Nilikuwa chumba cha pili nikisahihisha karatasi. Usiku kucha alikuwa amelalamika kifua, nami nikamwambia ni kiungulia, aache kudeka. Alfajiri aligonga ukutani. Mara mbili. Kimya. Mara moja. Nilidhani anataka chai. Nikasema, "Nakuja," bila kuinua kichwa.

Nikamaliza kwanza karatasi kumi na moja.

Upepo uligeuka. Ukaleta harufu ya dawa ya kuchua, ile aliyokuwa akijipaka kifuani. Huko juu hapakuwa na kitu ila mawe na nyasi kavu.

Ko-ko.

Sikuogopa. Nilikasirika. Niliudharau mwamba, nikamdharau mwongozaji na masharti yake, na zaidi nikamdharau mtu aliyekuwa akitetemeka ndani ya viatu vyangu. Nikasogeza mdomo hadi kwenye jiwe. Lilikuwa bado na joto, kama mwili.

"Nakuja," nikasema, kwa sauti ileile.

Mwamba ukanyamaza.

"Umeona?" nikamwuliza mwongozaji.

Alikuwa ameshaokota mfuko wake. "Ungekaa kimya tu, mwalimu."

Njia nzima hakunisogelea tena.

Jumapili iliyofuata, saa nane mchana, nilikuwa nimejilaza upande wa kitanda aliokuwa akilala mke wangu. Kifua kikanibana. Jasho likanitoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Nilijaribu kuita, sauti haikutoka. Simu ilikuwa mezani, chumba cha pili. Nyumba ilikuwa tupu, sijui nilitaka kumwita nani, lakini niliinua ngumi nikagonga ukuta.

Mara mbili.

Pumzi ikakatika.

Mara moja.

Ndipo nilipoelewa kile kimya cha katikati kilikuwa nini.

Upande wa pili wa ukuta kiti kiliburutwa kidogo, kama mtu anapojiweka sawa mezani. Kalamu ikakwaruza. Kisha nikaisikia sauti yangu mwenyewe, yenye uchovu, ya mtu asiyeinua kichwa.

"Nakuja."

Karatasi ikafunuliwa.

Nikagonga tena. Ikafunuliwa nyingine, bila haraka. Nililala pale nikihesabu, kwa sababu hakuna kingine nilichoweza kufanya, na nilijua ni ngapi.

Shemeji alifungua mlango wa mbele ilipofunuliwa karatasi ya tisa. Kalamu ikanyamaza papo hapo. Alipoingia chumba cha pili kuchukua simu, hakukuta mtu.

Hospitali wamenipima moyo mara mbili. Daktari, kijana ambaye ningeweza kuwa mwalimu wake, alinipigapiga bega akitabasamu.

"Ni kiungulia tu, mzee wangu."

Zimebaki mbili.